Mtoto wa soko hanunuliwi: historia ya vituo vinavyookoa wanyama, kutoka Maniema mpaka Lubumbashi

LUENA. Asubuhi moja wakati wa kipindi chetu mama mmoja alipiga simu. Alisema kuna kijana amesimama mlangoni pake na mtoto wa kima ndani ya kitunga, amefungwa kamba kiunoni, naye anataka kumuuza. Mama yule alikuwa na franka mkononi. Akauliza hivi: "Baba, nikimununua ili nimuokoe, ni mazuri ao ni mabaya?"

Nilishindwa kumjibu hewani. Nilisema tutarudia swali hilo wiki ijayo, kisha tukaweka wimbo. Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo, ila lilinipa haya.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, nami nilisimama mbele ya kijana wa namna hiyo, pale kwenye stesheni ya treni, ile tunayoita gare. Kima wake alikuwa mdogo kiasi cha kukaa ndani ya kofia. Kijana akaniambia: "Yaya, ukikatala, atakufa." Nikalipa. Nilimpeleka nyumbani, nikampa maziwa ya unga na ndizi. Siku ya tisa alikufa kwa kuhara. Mwezi uliofuata kijana yuleyule alinitafuta mpaka nyumbani, akiwa na kima wawili. Alikuwa amesikia kwamba Luena kuna mtu wa radio anayenunua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza watu wengine walilijibuje swali hili kabla yangu. Nimegundua kwamba ni swali la zamani, na kwamba historia yake inapita karibu sana na sisi: Maniema, Lubumbashi, Zambia na Kivu. Leo nawaletea historia hiyo.

Mtoto wa soko wa mwaka 1871

Watu wa Maniema na wafanyabiashara wa Kiswahili waliofika huko zamani walimwita sokwe kwa jina la soko. David Livingstone, Mskoti aliyetembea katika nchi hiyo akitafuta chanzo cha mto Nile, alilichukua jina hilo na kuliandika katika daftari zake. Mwaka 1871, akiwa Maniema, mfanyabiashara mmoja aliyejulikana kwa jina la Katomba alimpa zawadi ya mtoto wa soko. Mama yake alikuwa ameuawa, na mtoto akakamatwa.

Livingstone anaeleza kwamba mtoto huyo alikaa kimya kwenye mkeka karibu naye, kama aliyejua kwamba amepata rafiki. Alinyoosha mkono ili abebwe, na alipokataliwa alilia kama mtoto wa mtu. Yote yanayotokea leo yamo ndani ya kisa hicho: mama ameuawa kwa ajili ya nyama, mtoto amebaki kwa sababu nyama yake haitoshi sufuria, na mgeni mwenye huruma yuko karibu. Kitu kimoja tu hakikuwepo, yaani mahali pa kumpeleka mtoto yule. Mahali hapo palichukua zaidi ya miaka 100 kupatikana.

Ulaya, vyama vya kutetea wanyama vilikuwa vimeanza zamani kidogo. Chama cha Waingereza cha kuzuia ukatili kwa wanyama kiliundwa London mwaka 1824, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutetea farasi, punda na ng'ombe waliopigwa barabarani na masokoni. Lakini wazungu walipokuja kutawala Afrika, huruma hiyo haikumfikia mnyama wa porini. Kilichokuja ni sheria ya uwindaji.

Sheria ililinda pori, si yatima

Tarehe 19 Mei 1900, nchi za Ulaya zilizokuwa na makoloni Afrika zilitia sahihi mkataba huko London wa kuhifadhi wanyama wa porini. Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilikuwa ndani. Sokwe na gorila waliwekwa kwenye orodha ya wanyama wasiopaswa kuuawa. Mkataba huo haukupata kuanza kutumika, lakini wazo lake lilibaki. Mwaka 1925 ilianzishwa Mbuga ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga. Mwaka 1938 ikafuata Garamba. Kisha tarehe 15 Mei 1939 ikafika zamu yetu: Mbuga ya Upemba.

Upemba tunaijua. Ni majirani zetu upande wa mashariki. Ilipoanzishwa ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, na wazee wa vijiji vya kando yake wanakumbuka kilichosimuliwa na baba zao: watu waliambiwa mahali walipokuwa wakiwinda na kuvua sasa ni pa serikali. Ndiyo maana hata leo, ukitaja neno "kulinda wanyama" katika vijiji vyetu, wengi wanasikia neno "kufukuzwa". Tusipokumbuka jambo hilo hatuwezi kuelewa kwa nini kazi ya kuokoa wanyama ina marafiki wachache huku kwetu.

Na sheria zile za kikoloni zilihesabu wanyama kwa makundi. Zilisema tembo wangapi wanaweza kupigwa risasi, na nani anaruhusiwa kuwapiga. Mtoto aliyebaki baada ya mama kuuawa hakuwa na kifungu chake. Aliishia kwenye baraza la nyumba ya mzungu akiwa na mnyororo shingoni, au kwenye bustani ya wanyama, au pabaya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mamia ya sokwe, na bonobo pia, walikusanywa katika kambi ya Lindi na kutumiwa katika majaribio ya chanjo ya polio. Wengi walikufa humo. Chanjo ya polio imeokoa watoto wetu wengi, na hilo silikatai. Lakini ni vizuri kujua kwamba sehemu ya bei yake ililipwa katika msitu wetu.

Treni inabeba kila kitu

Reli kutoka Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, ilifika Bukama mwaka 1918. Hapa Luena makaa ya mawe yalianza kuchimbwa miaka ya 1920, na kijiji kikageuka kuwa mji wa wafanyakazi. Reli ndiyo iliyotuzaa. Imebeba makaa, mahindi, samaki wa Upemba, wanafunzi na maiti. Imebeba na wanyama.

Kila mmoja wetu aliyekulia karibu na stesheni ameona. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ndani ya boksi lenye matundu. Kima amefungwa kwenye kiti. Hakuna aliyeona ubaya. Mnyama mdogo alikuwa mzigo kama mizigo mingine, na mjini Lubumbashi kulikuwa na watu wenye pesa wanaotaka kitu cha kuchezea nyumbani.

Sokwe hawaishi hapa kwetu. Wao wako kaskazini na mashariki, ng'ambo ya mto Lualaba, kuelekea Maniema, Kivu na Tanganyika. Bonobo nao wako upande mwingine wa mto Kongo, na hawapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo. Lakini biashara haijali mnyama anaishi wapi. Inafuata njia, na njia za kwenda kusini, kwa treni na kwa malori, zinapita Katanga kuelekea mpaka wa Zambia.

Sheria ilikuja polepole. Mwaka 1973 ulitiwa sahihi huko Washington mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaoitwa CITES. Zaïre ilijiunga nao mwaka 1976. Tarehe 28 Mei 1982 ikatoka sheria ya uwindaji namba 82-002, na tarehe 11 Februari 2014 ikafuata sheria namba 14/003 ya kuhifadhi mazingira. Kumwua, kumkamata au kumwuza sokwe, bonobo au gorila ni kosa katika nchi yetu. Kasuku wa kijivu naye, kwa uamuzi uliochukuliwa Johannesburg mwaka 2016, biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa wale waliotoka porini.

Lakini tujiulize: polisi anapomnyang'anya mtu sokwe wa mwaka mmoja, jioni ile sokwe analala wapi? Sheria bila mahali pa kumweka mnyama ni sheria ambayo hata askari mwenye nia njema atashindwa kuitumia.

Jirani wa Zambia alianza

Jibu la kwanza lililotuhusu sisi Wakatanga lilitoka ng'ambo ya mpaka. Karibu na mji wa Chingola, upande wa Zambia, David na Sheila Siddle walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Walikuwa wamefikia umri wa kupumzika. Mwaka 1983 afisa wa wanyama aliwaletea mtoto wa sokwe aliyekuwa amenyang'anywa watu wa magendo kutoka Zaïre. Alikuwa na jeraha baya usoni, amekonda, na kila mtu alidhani atakufa. Wakamwuguza. Akapona, wakamwita Pal.

Habari zikaenea. Sokwe wa pili akaja, kisha wa tatu. Shamba la ng'ombe likageuka kituo cha Chimfunshi, ambacho leo kina sokwe zaidi ya 100 ndani ya sehemu kubwa za msitu zilizozungushiwa uzio. Wengi wa wale wa mwanzo walitoka kwetu. Watoto wa msitu wa Zaïre walilelewa Zambia kwa sababu kwao hapakuwa na nyumba yao.

Miaka iliyofuata vituo viliongezeka Afrika ya Mashariki na ya Kati. Nairobi, familia ya Sheldrick ilikuwa inalea tembo yatima tangu mwaka 1977. Mwaka 1993 kituo cha Sweetwaters nchini Kenya kilianza kupokea sokwe waliotolewa Burundi wakati vita ilipolipuka huko. Mwaka 1998 Uganda ilifungua kituo cha kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria. Mwaka 2000 wakuu wa vituo mbalimbali walikutana Entebbe na kuunda umoja wao, unaoitwa PASA, ili wasaidiane madaktari, maarifa na kutafuta misaada.

Kongo yafungua milango yake

Hapa nchini, aliyetangulia ni Claudine André, Mbelgiji aliyekulia Kongo. Kinshasa, baada ya uporaji wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanyama wa bustani ya mji walikuwa wanakufa kwa njaa. Alikwenda kusaidia, akakutana na bonobo mdogo, na maisha yake yakabadilika. Mwaka 1994 kazi yake ikawa shirika. Mwaka 2002 kituo cha Lola ya Bonobo kilihamia mahali kilipo mpaka leo, kwenye maporomoko madogo ya mto Lukaya, nje ya Kinshasa. Mwaka 2009 bonobo wa kwanza walirudishwa porini, upande wa Basankusu katika Équateur. Yatima aliyelelewa na mama wa binadamu alirudi msituni, na baadhi yao wakazaa huko.

Mwaka huohuo wa 2002, wakati Kivu ilikuwa bado ndani ya vita, ICCN pamoja na kituo cha utafiti wa sayansi cha Lwiro walikubaliana kupokea sokwe wanaonyang'anywa. Lwiro ni majengo makubwa ya wakati wa Wabelgiji, yaliyojengwa kwa ajili ya taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, kaskazini ya Bukavu. Leo Lwiro ina sokwe zaidi ya 100, pamoja na kima wengi. Mwaka 2009 kilianzishwa kituo cha GRACE, Kasugho, kwa ajili ya gorila wa nyanda za chini. Rumangabo, ndani ya Virunga, kiko kituo cha Senkwekwe cha gorila wa milimani. Humo alilelewa Ndakasi, gorila aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa na miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Mlezi wake, André Bauma, alimlea miaka 14, na mwezi wa Septemba 2021 Ndakasi alikufa kwa ugonjwa mikononi mwake.

Lubumbashi kilianza kituo chetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 2006, Franck na Roxane Chantereau walianzisha J.A.C.K. Herufi hizo, kwa Kifaransa, zina maana ya wanyama wadogo walionyang'anywa Katanga. Jina hilo linaeleza kazi yote: mnyama haingii pale kwa kununuliwa. Anaingia kwa kunyang'anywa kwa mujibu wa sheria, au kwa mtu kumtoa mwenyewe bila malipo.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Mwaka uleule wa 2006 watu waliingia wakachoma moto nyumba ya kulala, na sokwe wadogo wakafa. Mwaka 2013 moto ulirudi tena, safari hii kwenye jengo la kufundishia. Biashara ilikuwa inajibu, kwa kuwa mnyama mmoja akinyang'anywa kuna mtu anapoteza pesa nyingi.

Usiku wa Septemba 2022

Kisha ikaja habari iliyozunguka dunia nzima. Tarehe 9 Septemba 2022, usiku, watu waliingia J.A.C.K. na kuwaiba sokwe wadogo watatu: César, Hussein na Monga. Baadaye walimtumia mke wa Chantereau picha za video za watoto hao kwenye simu, wakadai pesa nyingi. Wakatishia kwamba wasipolipwa watawadhuru wanyama, na hata watoto wa familia.

Chantereau alisema wazi kwamba hawezi kulipa. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilimwona ana moyo mgumu. Wanyama aliowanyonyesha kwa chupa wako mikononi mwa wezi, naye anakataa? Lakini hesabu yake ilikuwa rahisi. Akilipa kwa watatu, mwezi ujao watakuja kuiba kumi. Na vituo vingine vyote vya Afrika vitakuwa benki ya wezi.

Ndiyo hesabu niliyokosa pale stesheni. Mimi sikulipa mwizi wa usiku, nililipa kijana mwenye kitunga mchana mweupe. Lakini pesa yangu ilifanya kazi ileile: ilimrudisha porini kutafuta mwingine.

Kwa nini huruma ya pesa inaua

Tueleze vizuri, maana ndipo jibu la yule mama lilipo.

Sokwe mdogo ananyonya miaka mitano hivi. Anabebwa tumboni, kisha mgongoni mwa mama. Hakuna namna ya kumchukua mama akiwa hai, na mara nyingi wengine wa kundi wanaokuja kumtetea wanauawa pia. Kwa kima ni hivyohivyo: mtoto aliye kwenye kitunga ana mama aliyekwisha kupikwa. Kwa hiyo anayenunua mtoto amelipia na kifo cha mama, hata kama hakutaka.

Tena kumlea si jambo la maziwa ya unga na ndizi, kama nilivyofikiri. Katika vituo hivi, mnyama akifika anawekwa peke yake kwanza, mbali na wenzake, anapimwa kifua kikuu na magonjwa mengine. Mafua yetu ya kawaida yanaweza kumwua sokwe, na magonjwa yake yanaweza kutupata sisi. Halafu anapewa mlezi, mara nyingi mama wa Kikongo wa mtaa wa jirani, ambaye anambeba mchana kutwa, kwa sababu yatima asiyeguswa anakataa kula na anakufa kwa huzuni. Baadaye polepole anaonyeshwa wenzake, anaingizwa kwenye kundi la umri wake, anajifunza kupanda miti na kuogopa wakubwa. Sokwe anaweza kuishi miaka 40, 50, na hata zaidi. Anayempokea leo anaahidi chakula kwa muda wa kizazi kizima.

Chakula hicho kinatoka wapi? Kinanunuliwa kwa wakulima wa karibu: ndizi, mapapai, viazi, miwa, mboga. Walezi, wapishi, walinzi na wauguzi wa wanyama ni wananchi wa pale. Pesa nyingi zinatoka nje, kwa watu wanaochangia kidogo kidogo kila mwezi, na kwa wageni wanaolipa kuingia. Mwaka 2020 Covid ilipofunga milango, wageni walikoma, lakini sokwe hawakuacha kula. Na mwezi wa Februari 2025 vita ilipofika Kavumu na Bukavu, Lwiro iko jirani kabisa. Watu wanaweza kukimbia na magodoro kichwani. Sokwe 100 hawakimbii. Walezi walibaki kuwalisha.

"Na watu je?"

Najua swali litakalofuata, maana tunalipata kila tunapozungumzia jambo hili kwenye radio. Watoto wetu wanasoma wamekaa chini. Hospitali hazina dawa. Mfanyakazi wa mgodi na wa reli amezeeka akisubiri mshahara wa miezi iliyopita. Sasa tunaambiwa tuhurumie kima?

Silicheki swali hilo. Ni la haki. Nina majibu mawili tu, na msomaji atapima.

La kwanza: pesa zinazolisha sokwe wa Lwiro au wa Lubumbashi hazikutolewa kwenye bajeti ya shule ya Luena. Kituo kikifungwa kesho, bati moja halitaongezeka kwenye darasa letu. Kitakachopungua ni mishahara ya walezi na soko la ndizi za mama wa pale.

La pili ni la hapa kwetu. Watu wanaouza wanyama ni haohao wanaouza pembe, na wenye bunduki porini hawachagui shabaha. Mwezi wa Desemba 2012, Atama Madrandele, mkuu wa walinzi wa Upemba, aliuawa katika shambulio la Mai-Mai. Mwaka 2017 Rodrigue Katembo, aliyeongoza Upemba baadaye, alipata tuzo ya Goldman kwa kusimama mbele ya waliotaka kutafuta mafuta ndani ya mbuga ya Virunga. Mwaka huohuo shirika la Forgotten Parks liliingia kusaidiana na ICCN. Upemba imebaki na tembo wachache tu, karibu 200, nao ndio wa mwisho kusini ya Katanga. Punda milia wa mwisho wa Kongo nzima wako hukohuko, upande wetu. Zamani tembo walikuwa maelfu. Pesa ya pembe zile hatukuiona Luena. Hakuna shule iliyojengwa nayo. Waliopata ni wachache, na sisi tulibakiwa na bunduki.

Jibu kwa mama

Wiki iliyofuata nilirudi hewani, nikasema yote niliyoandika hapa, hata la kima wangu wa siku tisa. Kisha nikatoa ushauri huu, ambao narudia kwa maandishi.

Ukiletewa mnyama wa porini, usinunue, hata kwa bei ndogo, hata kwa huruma. Usimpige picha na kuiweka kwenye simu kwa kucheka, kwa sababu picha hiyo ni tangazo la bure kwa wauzaji. Kumbuka sura ya mnyama, saa, na upande muuzaji anaoelekea. Mwambie chifu au mkuu wa mtaa, na walinzi wa ICCN. Kama ni sokwe, tembo mdogo au kasuku wa kijivu, fanya haraka, kwa sababu treni na malori hayangoji.

Kama mtu amekuachia mnyama bila kumlipa, mweke mahali penye kivuli na kimya, mpe maji, mzuie mbali na watoto na mbwa, usimbusu, nawa mikono. Akikuuma, nenda kituo cha afya siku ileile, kwa sababu kichaa cha mbwa hakingoji. Na umtoe kwa wenye kazi yao mapema. Kila siku unayomzoea inafanya iwe vigumu zaidi kwake kurudi kwa wenzake.

Na anayetaka kusaidia vituo hivi hahitaji dola. Mwalimu anaweza kusimulia kisa cha Ndakasi darasani. Mchungaji anaweza kusema neno moja siku ya Mungu. Anayesafiri Lubumbashi na watoto wake anaweza kuuliza kama kituo kinapokea wageni siku hizo, akawapeleka wakaone. Mtoto aliyemwona sokwe akimlea mwenzake hatatamani kumfunga kamba.

Mama yule alipiga simu tena baada ya kipindi. Akasema hakununua. Kijana aliondoka na kitunga chake kuelekea stesheni, na yeye alibaki mlangoni akilia. Akaniuliza: "Na yule kima je?"

Nilimjibu kwamba yule huenda alikufa. Sikuona sababu ya kumdanganya. Tukabaki kimya kidogo kwenye simu. Kisha akasema kijana yule hajarudi tena mtaani kwao, na majirani wawili waliosikia radio nao wamemfukuza.

Pale stesheni nami sijamwona tangu hapo. Ninaangalia kila treni inapopita.

Kutoka Luena, mwandishi wenu.